Baruku naye alichoka

Kicheko chenyewe hakikuwa kirefu. Mhubiri alikuwa kwenye Waamuzi sura ya 3, akisimulia habari za Egloni mfalme wa Moabu, yule ambaye Maandiko yanasema waziwazi kwamba alikuwa mtu mnene sana, na jinsi Ehudi wa mkono wa kushoto alivyomchoma upanga hata mpini ukazama na mafuta yakaufunika. Mhubiri akajaza mashavu hewa, akatanua mikono mbele ya tumbo, akatembea hatua tatu kama bata. Kanisa likacheka. Nami nilicheka. Nilicheka haraka, kabla hata ya waliokaa kando yangu, kwa sababu mtu mnene hujifunza utotoni kwamba akitangulia kucheka hachekwi sana. Mtoto aliyekaa mbele yangu aligeuka akanitazama, akamtazama mhubiri, akanitazama tena. Mama yake akamgeuza kichwa taratibu, kama mtu anayefunga bomba la maji.

Usiku ule nilichukua karatasi ya matangazo ya ibada, nikaigeuza nyuma, nikaandika: “Leo nimecheka kifo cha mtu mnene.” Sentensi moja tu. Nikaizima taa nikalala, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nililala mpaka alfajiri.

Sitaki kudai kwamba sentensi ile iliniponya. Ilinishangaza tu. Nilikuwa mwaka wa pili katika hali ambayo sikuwa nimeipa jina, na kila nilichokuwa nimeambiwa kuhusu hali hiyo kilitoka kwa watu wengine. Ile ilikuwa ya kwanza kutoka kwangu.

Jina lipo. Kiswahili kina neno sonona, na nilikuwa nimelisikia, ila nilidhani ni la watunga mashairi, la mtu anayesononeka kwa mpenzi aliyeondoka. Sikujua kwamba sonona ni kukaa ukingoni mwa kitanda nusu saa ukiitazama soksi. Sikujua kuwa ni kuamka saa tisa usiku bila sababu na kuisubiri asubuhi usiyoitaka. Ni simu inayoita mpaka inakata, na aliyepiga ni mtu unayempenda. Nilikuwa nikianza “Baba yetu uliye mbinguni” na maneno yanaishia hapo, si kwa kusahau, bali kwa kukosa nguvu ya kufika kwenye “jina lako”.

Na nilikuwa nakula. Nilikula usiku, bila njaa, nimesimama, taa imezimwa ili nisiione sahani. Asubuhi nilipanda mizani. Hapa nikiri jambo ambalo lilinichukua muda kuliona: mizani ile ilikuwa imekuwa madhabahu. Niliipanda kabla ya sala, na namba iliyotokea ndiyo iliyoamua kama siku hiyo nina haki ya kusali. Ikipungua hata kwa gramu mia tatu, niliimba bafuni. Ikipanda, nilimwepuka Mungu kama mtu anayemwepuka mwenye kumdai sokoni.

Watu walinipa ushauri wa aina mbili. Kwa mwili niliambiwa nipunguze kula. Kwa moyo niliambiwa nizidishe maombi. Mama mmoja wa kanisani, mwenye nia njema kabisa, alinishika mkono mlangoni akaninong’oneza, “Mwanangu, shetani anakushikia kwenye sahani.” Nikamjibu, “Asante, mama,” nikaenda nyumbani nikala. Hakuna aliyeniambia kwamba mambo hayo mawili yanashikana mikono. Baadaye nilikuja kusoma uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka, ukaonyesha kwamba mwenye unene uliopitiliza ana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 55, wa kuja kupata sonona. Na mwenye sonona ana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 58, wa kuja kuwa na unene huo. Barabara inakwenda pande zote mbili. Niliposoma nililia kidogo, kwa unafuu. Miaka yote nilidhani ni udhaifu wa aina mbili tofauti, na vyote viwili ni vyangu.

Basi nikanunua daftari.

Ningependa kusema kuwa kuanzia hapo kalamu ilinibeba. Haikunibeba. Daftari la kwanza lilikuwa baya, na nadhani ubaya wake una faida kuliko uzuri wa lile la pili, kwa hiyo nitaueleza kidogo. Kurasa za mwanzo niliandika kama mtu anayetoa ushuhuda mbele ya mkutano. “Bwana, nakushukuru kwa siku nyingine ya ushindi.” Ushindi gani? Siku hiyo sikuwa hata nimeoga. Nilikuwa namwandikia Mungu kana kwamba hasomi nyuso, anasoma daftari tu.

Nilipochoka uongo wa kiroho nikahamia ukatili. Juu ya kila ukurasa niliandika kilo zangu kwa wino mwekundu, chini yake kila nilichokula, chini yake matusi. Maneno ambayo nisingemwambia mtu yeyote, hata adui, niliyaandika kwa nafsi ya pili: wewe ni hivi, wewe ni vile. Kurasa zikawa hati ya mashtaka, nami nikawa mshtaki, shahidi na hakimu. Nilikuwa nikifunga daftari nikiwa nimechoka zaidi kuliko nilipolifungua.

Hili halisemwi vya kutosha na wale wanaosifia kuandika. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo limenukuliwa sana: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Watu huishia hapo. Wanaacha kusema kwamba mara tu baada ya kuandika watu hao walijisikia vibaya zaidi, na kwamba tafiti nyingi zilizofuata zilionyesha faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Tena waliandika siku nne, wakaacha. Mimi niliandika usiku baada ya usiku kwa miezi mitano, kitu kilekile, kama mtu anayekuna kidonda akidhani anakisafisha.

Siku moja nililitumbukiza daftari lile kwenye ndoo ya chuma nikalichoma. Nikaapa sitaandika tena.

Kilichonirudisha si ndoto wala unabii. Ni mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka mmoja, ambao nilikuwa nimechelewa kama miezi saba. Nilikuwa Yeremia, nasoma kwa ukaidi tu ili nisionekane nimeacha, nikafika sura ya 36. Yeremia anaamriwa aandike maneno yote aliyopewa. Anamwita Baruku mwana wa Neria, yeye anatamka na Baruku anaandika kwa wino katika gombo. Gombo linafika kwa mfalme Yehoyakimu, ambaye ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Kila zinaposomwa kurasa tatu nne, mfalme anazikata kwa kisu kidogo cha mwandishi anazitupa motoni, mpaka gombo lote linakwisha. Ndipo Mungu anasema, twaa gombo jingine. Baruku anakaa tena chini, anaandika yote yaliyoungua, na yakaongezwa maneno mengi mengine yanayofanana na hayo.

Nilicheka peke yangu chumbani, kicheko halali safari hii. Mimi ndiye niliyeandika na mimi ndiye niliyechoma. Nilikuwa Baruku na Yehoyakimu katika gauni moja.

Lakini kilichonikamata hasa kipo sura tisa mbele. Yeremia 45 ni sura fupi mno, mistari mitano, na haihusu taifa wala mfalme. Inamhusu mwandishi. Mwaka uleule aliokuwa anaandika gombo, Baruku alilalamika kwamba Bwana amemwongezea huzuni juu ya maumivu yake, kwamba amechoka kwa kuugua na raha haioni. Sijui mara ngapi nimepita mistari ile bila kuiona. Mtu aliyekuwa anaandika neno la Mungu kwa mkono wake mwenyewe alikuwa na hali kama yangu! Hakukosa Biblia, alikuwa anaiandika. Wala Mungu hamwambii azidishe maombi. Anamuuliza kama anajitafutia mambo makuu, anamwambia asiyatafute, kisha anamwahidi kitu kimoja: popote atakapokwenda, atapewa uhai wake uwe kama nyara. Yaani utatoka vitani mikono mitupu, ila utatoka.

Nilikuwa nimetaka mambo makuu. Nilitaka ushuhuda wa kabla na baada, picha mbili kando kwa kando, gauni la zamani linalopwaya, makofi. Niliandika ili siku moja nisimame mbele ya watu. Nikajiuliza: kama ningeahidiwa uhai tu, bila picha ya pili, ningeukubali? Usiku ule sikuwa na jibu la haraka, na hilo lilinitisha kuliko jambo lolote lililonipata kabla yake.

Daftari la pili sikuliwekea namba juu ya ukurasa. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mkono ulikuwa unaiendea kona ile wenyewe. Badala yake nilinakili mstari wa zaburi, mmoja tu, halafu nikaujibu. Sikuchagua zaburi za sifa. Nilianza na ya 42, ambamo mtu anazungumza na nafsi yake: “Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?” Anauliza mara mbili katika zaburi hiyo, na tena katika ya 43. Mara tatu swali lilelile, na nafsi haijibu hata mara moja. Lakini angalieni anavyoiita: nafsi yangu. Haiiti mvivu wewe, wala mlafi wewe. Nilijaribu kuandika hivyo, “Nafsi yangu, kwa nini jana usiku ulisimama gizani na sahani?” na kwa mara ya kwanza likaja jibu badala ya tusi. Niliandika: kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayenitaka kitu.

Nikafika ya 88. Kama huijui, isome siku ambayo una mtu karibu. Ndiyo zaburi inayoishia gizani, na giza ndilo neno lake la mwisho; hakuna “lakini” wala “hata hivyo nitamsifu”. Watu waliokusanya nyimbo za ibada za Israeli waliisikia ikiishia hivyo wakaiacha. Hawakumwongezea mwenye kuomboleza mstari wa ushindi. Tangu siku hiyo nami niliacha kuyabandikia maombi yangu miisho mizuri. Kurasa nyingi za daftari la pili zinaishia katikati.

Sasa nije kwenye kliniki, maana bila sehemu hii yote yaliyotangulia yangekuwa mapambo.

Nilikwenda kwa ajili ya magoti. Daktari alinipima urefu na uzito, akafanya ile hesabu ya kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ambayo ikifika 30 unaitwa mnene kupita kiasi. (Kanuni hiyo aliibuni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa hisabati na nyota, katika miaka ya 1830. Alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi, hakuwa anamtibu mtu. Kuijua habari hii hakujanipunguzia hata gramu moja, lakini kumenipunguzia hasira.) Kisha daktari akanitazama akaniuliza, “Na usingizi ukoje, dada?” Nikasema upo. Akanipa karatasi yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, ulaji, kujiona umeshindwa, na mengine. Kila moja unajipa kati ya 0 na 3. Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba ingekuwa afadhali ufe, au kujidhuru.

Nilijaza 0. Mkristo anajazaje kingine? Nikamrudishia karatasi nikachukua mkoba wangu, na ndani ya mkoba mlikuwa na daftari. Nilikuwa nimeliandikia usiku uliopita, na nilichokuwa nimeandika kilikuwa jibu la swali la tisa, na halikuwa 0.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu shule, nimeiandikia insha. Nilisimama pale na mkoba wazi, labda kwa dakika nzima, mpaka daktari akaweka kalamu chini. Nikamwambia, “Samahani, nimejaza vibaya.” Sikuweza kusema zaidi. Nilichoweza ni kufungua daftari na kumsomea ukurasa, kwa sauti, kama mtoto anayesoma darasani, bila kuinua macho. Nilimaliza. Akaniuliza taratibu kama nina mpango wowote, kama kuna mtu nyumbani, kama nitakubali kurudi wiki hiyohiyo. Jumla ya karatasi yangu, ilipojazwa sawasawa, ilikuwa 18 kati ya 27.

Nadhani hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambayo maandishi yangu yamewahi kuifanya, na msikilizaji alikuwa mmoja, tena alikuwa kazini. Mdomo wangu ulikuwa umezoea kusema “namshukuru Mungu”. Mkono ulikuwa umezoea kusema kweli kwa miezi kadhaa, kwa hiyo siku ilipofika mkono ukausaidia mdomo. (Kama wewe unayesoma unalo jibu la swali la tisa ambalo halijasikiwa na mtu, usingoje uwe na daftari. Mwambie mtu leo, au nenda hospitali iliyo karibu nawe. Mimi nilichelewa.)

Dawa nilianzishiwa, na mshauri wa kuzungumza naye kila wiki. Dawa ya kwanza iliniongezea hamu ya kula, jambo ambalo baadhi ya dawa za sonona hulifanya, nikapanda kilo nne. Nilirudi nimekasirika, ikabadilishwa. Ya pili ilichukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti, na tofauti yenyewe ilianza kwenye soksi. Nilizivaa tu. Nilikuwa nimeshazivaa na kufika mlangoni ndipo nikagundua.

Katika wiki hizo nilikuwa nasoma habari za Eliya, 1 Wafalme 19. Tumezoea kuihubiri ile sauti ndogo, ya utulivu. Mimi sikufika huko kwa muda mrefu; nilikwama chini ya mretemu, ule mti mdogo wa jangwani. Eliya ameketi, ameomba afe, amelala. Malaika anakuja, anamgusa, anamwambia, “Inuka, ule.” Hamuulizi anafanya nini pale, swali hilo litakuja baadaye sana. Kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anarudi kulala, na malaika hamkemei kwa kulala. Anamgusa mara ya pili: inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.

Niliandika neno “ule” peke yake katikati ya ukurasa. Kwa miaka kama ishirini hakuna aliyeniambia nile bila kuongeza “lakini”. Hata mimi mwenyewe. Chakula kilikuwa ama wizi ama adhabu, hakikuwa kamwe kitu ambacho mbingu inakuletea kwa sababu safari ni ndefu. Nilimweleza mshauri, naye akasema tujaribu wiki moja: nile nimeketi, mchana, taa imewashwa, na kabla ya kula niseme maneno yale mawili, “Inuka, ule.” Nilijiona mjinga. Siku ya tatu nilikula nusu ya chakula kwa sababu ya machozi na nusu ya pili kwa sababu nilikuwa na njaa, njaa ya kweli, ambayo sikuwa nimeisikia tangu sikumbuki lini.

Msinielewe kwamba sasa ni mwembamba. Nilipungua kilo kumi na moja kwa mwaka mmoja, zikarudi sita. Magoti bado yanalalamika, nafanya mazoezi niliyopewa, na shinikizo la damu linafuatiliwa. Miili kama wangu ina hatari zake na sitajidanganya kwa kuziita baraka. Sonona nayo ilirudi mara moja tangu hapo, kwa wiki sita, ila safari hiyo niliifahamu ikiwa bado mlangoni kwa sababu kurasa zilianza kuwa fupi. Ukurasa, nusu, mistari mitatu, tarehe tu. Nilipoona tarehe tupu siku nne mfululizo nilipiga simu kliniki.

Yule mhubiri nilimwandikia barua. Sikumlaumu, nilimweleza alipokuwa amekaa mtoto na alivyogeuka. Alinijibu kwa mistari miwili, akaomba radhi, akaongeza kwamba baba yake alikuwa mnene na hajui ni kwa nini hakulifikiria. Sijui nami kwa nini mstari huo wa pili ulinigusa kuliko radhi yenyewe. Niliubandika ndani ya jalada la daftari, pale ambapo watu huandika jina lao na neno “siri”.

Andiko la jana usiku linasema hivi, na sijalihariri:

“Jumanne. Mizani imekufa betri tangu mwezi uliopita, sijanunua nyingine. Usingizi saa sita, si haba. Nimekula mara tatu, nimeketi. Nimegombana na dada yangu kwenye simu, nimempigia tena, tumecheka. Zaburi 88 mpaka mstari wa tisa, nikasinzia. Kesho kliniki saa tatu asubuhi, nisisahau kumwambia kuhusu kizunguzungu. Ee Bwana, leo sikuomba neno kubwa. Kalamu hii inaelekea kwisha win”